Kwa nini watu wetu wakihamia Tromsø wanarudi Oslo haraka?

#1 Mtoto wa Temeke
Wakuu, habari za muda huu.

Naishi Oslo, Norway, nafanya kazi nyumba ya wazee. Hapa kazi naungaunga: mkataba wa asilimia 40 ya saa za kazi sehemu moja, kwingine nangoja simu ya alfajiri nikazibe pengo la mtu aliyeumwa. Sasa nimepata Tromsø, kule kaskazini kabisa mwa nchi, mkataba wa asilimia 100, wa kudumu. Mke wangu ameshaanza kuchungulia nyumba mtandaoni. Mtoto wetu ana miaka mitatu.

Kinachonitia shaka ni kwamba kila Mswahili ninayemjua aliyetoka jiji kubwa hili kwenda kule, amerudi. Jamaa wa Tanga karudi. Dada mmoja wa Kisumu karudi, kochi kaliacha huko huko. Nikiwauliza, kila mmoja ana lake: huyu giza, yule "kule hakuna watu", mwingine anacheka tu na kubadilisha mada. Cha ajabu hakuna hata mmoja aliyetaja baridi. Kwa hiyo hoja yangu: baridi inasingiziwa bure, kuna jambo lingine. Mlioko huko semeni, ila msiniletee maneno ya vipeperushi vya watalii.

#2 Chuga Asilia
Siti ya mbele, karanga mkononi. Waje wajuvi.

#3 Mzee Kirungu
Jiji kubwa? Oslo ina watu laki saba na ushei. Kinondoni peke yake, sensa ya 2022, ilikaribia milioni. Mleta mada anatoka kata moja kwenda kitongoji halafu anataka tumwonee huruma.

#4 Bi Shungi
Mwanangu wa Temeke, mimi niko Tromsø na sijarudi popote, kwa hiyo hesabu yako ina tundu.

Kwenye baridi umesema kweli. Watu wakitazama ramani wakiona nyuzi 69 kaskazini wanadhani mate yanaganda kabla hayajafika chini. Si hivyo. Maji ya uvuguvugu ya Atlantiki yanapanda na pwani hii mpaka juu kabisa, bandari haigandi. Januari ya Tromsø na ya Oslo kwa wastani hazipishani sana, ni nyuzi chache chini ya sifuri. Rekodi ya baridi hapa mjini haijafika hata -20. Ukitaka baridi ya kusimulia wajukuu ingia bara, Karasjok, ndiko kulikopimwa -51.4 tarehe 1 Januari 1886, na nchi nzima haijavunja rekodi hiyo.

Kinachotusumbua sisi ni theluji na utelezi. Aprili 1997 theluji ilipimwa mita 2.40, hapa hapa mjini. Na mbaya zaidi ni siku ile mvua inanyesha juu ya barafu. Hapo profesa na mpiga deki wote wanatembea kwa kunyata. Nunua brodder, vile vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu, kabla hujanunua hata sufuria. Nimeona watu wanashuka uwanja wa ndege na raba nyeupe wakaishia plasta.

Giza ni la kweli ila linatiwa chumvi. Jua halichomozi kuanzia 27 Novemba mpaka katikati ya Januari, na kwa sababu ya milima sisi tunalisalimia tarehe 21 Januari. Siku hiyo watu wanapanga foleni kununua solboller, maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Lakini mchana si giza totoro. Kwa saa kadhaa kuna mwanga wa buluu, unaona mlima, unaona daraja, unamwona na jirani anayekukwepa.

#5 Nyeri Kwa Baridi
Bi Shungi heshima yako, lakini mimi ni mmoja wa waliorudi na nasema ni giza. Si la macho, ni la mwili. Nilikuwa natoka kazini saa tisa mchana, naangalia nje, mwili unaniambia ni usiku, nalala. Naamka saa nane usiku niko macho kabisa, napika ugali peke yangu. Wikendi sikutoka. Simu za nyumbani nikaacha kupokea kwa sababu mama angeuliza "mbona sauti yako hivyo". Kufika Februari jua limerudi lakini mimi nilikuwa nimeshatuma barua ya kuacha kazi.

Na mimi nimezaliwa Nyeri, baridi tunaijua. Kwa hiyo mleta uzi yuko sawa, baridi haina kesi hapa.

#6 Hesabu za Bibi
Mnaongelea giza na jua, hamuongelei pesa. Kaskazini kodi ni ndogo! Kodi ya mapato ya jumla ni asilimia 18.5 badala ya 22, chekechea bure, mkopo wa masomo unafutwa kidogo kidogo kila mwaka ukikaa. Mtu anayerudi Oslo na hayo yote amerogwa.

#7 Bi Shungi
#6 punguza mwendo. Hayo ni ya Finnmark, mkoa wa mwisho kaskazini, na zile wilaya ndogo za Troms ya kaskazini, Lyngen, Skjervøy, Karlsøy na wenzao. Tromsø mjini haimo. Ndiyo maana kuna watu wanaochora ramani ya nyumba kwa kalamu ya kodi. Tunachopata sisi ni umeme: wa nyumbani hautozwi kodi ya ongezeko la thamani huku kaskazini, na bei yenyewe kwa miaka ya karibuni imekuwa chini sana kuliko ya kusini. Kwa mtu anayepasha nyumba moto kwa umeme miezi minane, si haba.

Pango la nyumba sasa, hapo jitayarishe. Watalii wa taa za kaskazini wamejaa, na mwenye chumba anaona heri mgeni wa siku tatu kuliko wewe wa miaka mitatu.

#8 Hesabu za Bibi
Basi ahamie Lyngen 😂

#9 Wa Uvira
Jambo ba ndugu. Miye niko Finnmark, mji mdogo, jina nitaliacha kwa sababu tukiwa Wakongo wachache hivi mtanijua mara moja.

Nyinyi munasema "kuhamia". Sisi hatukuhamia, tulipangiwa. Nilitoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, UNHCR ikapeleka faili, Norway ikasema karibu, manispaa ikasema tuna nafasi ya familia moja. Nikashuka kwa ndege ndogo ile yenye panga, nikauliza mji uko wapi, wakaniambia ndio huu umeupita.

Sasa kuhusu kurudi. Mkimbizi akiwa kwenye programu ya kujifunza lugha na kazi, akihama manispaa bila makubaliano anapoteza haki ya ile programu na posho yake. Kwa hiyo watu wanabana. Siku wanamaliza, wanaondoka. Mtu akiona anasema "ooh wameshindwa na giza". Apana. Walikuwa wanangoja ruhusa. Ndugu zao wako Oslo, Bergen, Kristiansand, hata kama kungekuwa na jua la Uvira wangekwenda tu.

Miye nilibaki. Watoto wanne, hiyo chekechea bure anayosema #6 iliniingia vizuri.

#10 Mzee Kirungu
#9 umenivunja mbavu, "umeupita" 😂😂

#11 Daktari wa Mtaa
Niweke sawa jambo moja kabla uzi haujawa wa waganga. #5 anayosimulia ni saa ya mwili. Macho yakikosa mwanga wa asubuhi, ubongo haujui lini siku imeanza, usingizi unahamahama. Dawa yake ni mwanga: taa maalumu za lux 10,000, nusu saa asubuhi wakati unakunywa chai, na kutoka nje ule mwanga wa buluu wa mchana alioutaja #4, hata kama hujisikii.

Vitamini D ni kesi nyingine, msizichanganye. Hiyo inatengenezwa na ngozi ikipata miale ya jua, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi kupata kiasi kile kile. Ila sikieni: hata Oslo miezi ya baridi jua halina nguvu hiyo. Kwa hiyo anayesema "nilirudi Oslo vitamini D ikapanda" alipandishwa na vidonge. Wenyeji wanakunywa tran, mafuta ya ini la samaki, kijiko kimoja kila asubuhi. Kapimwe damu, usijipangie dozi kwa ushauri wa humu, na wangu ukiwemo.

#12 Nyeri Kwa Baridi
Tran nilijaribu. Afadhali giza.

#13 Mpemba wa Barafu
Assalaam aleikum. Naona wote mmeng'ang'ania majira ya baridi. Mimi nasema kinachomtoa mtu ni kiangazi.

Kuanzia karibu 20 Mei mpaka karibu 22 Julai, jua halizami. Mwanzo unafurahi, unapiga picha saa sita za usiku unatuma Wete. Baada ya hapo mtoto hakubali kulala kwa sababu "bado mchana", jirani anakata majani saa nne usiku, wewe mwenyewe unajikuta unaosha gari alfajiri. Mapazia meusi lazima, na karatasi ya fedha ya jikoni dirishani juu ya hayo mapazia.

Halafu Ramadhani. Ya 2015 ilianza katikati ya Juni. Jua liko juu saa ishirini na nne, unafuturu lini? Sisi tulifuata saa za Makka. Wako waliofuata mji wa karibu ambao usiku na mchana unatengana, na wote wana maulamaa wao. Kikaangoni ni pale umekaa kwa futari, jua linakupiga usoni, na unajua Pemba wamekwisha kula zamani.

#14 Likoni Feri
Sasa Ramadhani inashuka kwenye baridi. 2030 zinaingia mbili mwaka mmoja, Januari na tena mwisho wa Desemba. Hapo huko kwenu jua halipo kabisa. Mtafunga nini, masheikh?

#15 Mpemba wa Barafu
Tutafuata Makka vile vile. Usitufurahie mapema, kwamba giza likikaa siku nzima basi na futari ni siku nzima.

#16 Likoni Feri
Nilikuwa nafikiria kuhama kwa ajili hiyo tu.

#17 Mtoto wa Temeke
Ahsanteni wakuu. Mpaka hapa nina giza, mwanga, ndugu na kodi. Wanne tofauti. Nani mwongo?

#18 Kuku wa Toronto
Hakuna mwongo, mnaelezea tembo kwa kupapasa. Mimi niko Canada, nilitoka Toronto kwenda Yellowknife, mji wa watu kama elfu ishirini. Hiyo ndiyo baridi sasa, #4 samahani. Januari wastani ni kama -26. Gari lazima lichomekwe umeme usiku kama simu, kuna hita kwenye injini, ukisahau asubuhi halistuki. Lakini giza letu si la Tromsø, Desemba tunapata mchana wa saa tano hivi. Kwa nadharia ya #5 watu wetu wangekaa. Na bado wanaondoka.

Mimi naona ni udogo wa mahali. Toronto nilikuwa sijulikani na nilikuwa nalalamika sijulikani. Yellowknife cashier anajua mwanangu ameugua kabla sijamwambia mke. Ukigombana na mtu mmoja umegombana naye dukani, kanisani, hospitali na kwenye mkutano wa wazazi. Kwa mtu aliyezoea kujificha ndani ya jiji, hilo linachosha kuliko theluji. Wengine, kama mimi, linatuponya. Agosti 2023 moto wa msituni uliposogea tukaamriwa mji mzima kuondoka, sikupata shida ya usafiri hata dakika. Watu watatu walinipigia kuuliza kama nina nafasi au nahitaji nafasi.

#19 Chuga Asilia
Baridi ya -26 halafu unakimbia moto. Dunia ina mambo.

#20 Mgodini
Nawasalimu kutoka Kiruna, Sweden, upande wa pili wa mlima. Mtoto wa Temeke unaogopa kuhama? Huku mji wenyewe unahama. Mgodi wa chuma wa LKAB umechimba chini mpaka ardhi inatitia, kwa hiyo katikati ya mji imesogezwa kilomita kama tatu mashariki. Agosti 2025 wakabeba kanisa zima la mbao la 1912, tani 672, likatembezwa barabarani siku mbili, mwendo wa kilomita tano. Nilikuwepo. Wazee wanalia, watoto wanakula aiskrimu, mimi namrushia mama Mwanza kwa video ananiambia "acha uongo, hiyo ni ya kompyuta".

#21 Mzee Kirungu
Kanisa limehama na halijafungua uzi.

#22 Mgodini
😂 Nirudi kwenye mada. Miji hii ya kaskazini inaishi kwa mwajiri mmoja au wawili. Watu wetu wengi walikwenda Skellefteå kufuata kile kiwanda cha betri, Northvolt. Machi 2025 kampuni ikafilisika. Watu walikuwa wameshapangisha, wameandikisha watoto shule, wengine vibali vyao vya kuishi vimefungwa na hiyo kazi. Waliorudi Stockholm pale, au nje ya nchi kabisa, walirudishwa na barua moja ya mfilisi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza giza, uliza: kazi hii ikifa, nyingine ipo?

#23 Bi Shungi
Kwa Tromsø hilo halimpati sana. Kuna chuo kikuu, hospitali ya mkoa mzima, bandari, uvuvi, utalii. Na mtu wa kutunza wazee hapa akikosa kazi basi hajaitafuta. Asilimia 100 yake inatolewa kwa sababu hawapati watu, siyo kwa upendo.

#24 Dala la Ziwa
Huyo "dada wa Kisumu aliyeacha kochi" ni mimi. Karibuni nizungumziwe nikiwa nipo.

Kwanza kochi lilikuwa la kupewa na lilikuwa na mguu mmoja wa kitabu. Pili, sikushindwa. Niliondoka kwa sababu nilitaka kusoma uuguzi na ratiba yangu ya zamu haikunipa nafasi, msimamizi wangu wa kazi wakati huo hakutaka hata kusikia. Oslo nilipata sehemu wanaonipangia wikendi ili wiki nisome. Basi. Hakuna mzimu wa kaskazini.

Kama unataka nikwambie kilichoniuma, ni Jumapili. Oslo nina kwaya. Tromsø nilikuwa naenda kanisani, watu wazuri, kahawa nzuri, waffle, halafu kila mtu anaondoka na skii zake, zile mbao za kutelezea theluji, kwenda mlimani na familia. Saa saba mchana umebaki na kikombe. Hawakukataa nije. Hawakufikiria tu kwamba kuna mtu hana pa kwenda.

#25 Mtoto wa Temeke
Dada heshima yako, sikujua uko humu.

#26 Dala la Ziwa
Sasa unajua. Na bado namdai shemeji yako blenda.

#27 Tanga Raha
Naona nami nimetajwa, "jamaa wa Tanga". Mimi ndiye niliyecheka na kubadilisha mada.

Nilibadilisha kwa sababu jibu langu halipendezi barazani. Baba yangu mdogo alifariki Oslo mimi nikiwa kule. Ndege ni chini ya saa mbili, sawa, lakini siku ile uwanja ulifungwa kwa upepo. Treni hakuna, reli ya Norway inakomea Bodø, na ile ya Narvik inapitia Sweden. Barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita. Nilifika watu wameshazika na kutawanyika. Nikakaa kwenye ukumbi na masufuria. Tangu siku hiyo nikawa kila nikiangalia upepo unavuma najiuliza leo nani. Nikarudi. Hakuna taa ya lux wala tran ya jambo hilo.

#28 Bi Shungi
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

#29 Wa Uvira
Pole ndugu. Kwa hiyo umeongea ukweli. Sisi hapa Finnmark tulizika mzee mmoja Mukongo, watu kumi na kitu, nusu Wanorwe. Lakini walibeba. Walibeba na waliimba yetu bila kuijua. Hiyo siku njo niliamua kubaki, wewe hiyo siku yako njo ilikuondoa.

#30 Msomi wa Kona
Poleni. Nirudi nyuma kidogo. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Kari Leibowitz, alikwenda kukaa Tromsø kuuliza mbona watu hawaanguki na huzuni ya majira ya baridi kwa kiasi anachotarajia mtu wa nje. Alichokuta ni mtazamo: wanaoona baridi ni wakati wenye mambo yake mazuri wanaishi nayo vizuri zaidi, na mtazamo huo ulikuwa na nguvu kadiri unavyokwenda kaskazini. Kwa hiyo mleta mada, kama unaenda ukihesabu siku, utahesabu. Ukienda na mpango wa kuteleza kwenye theluji, mishumaa, sauna, utakaa.

#31 Nyeri Kwa Baridi
Mtazamo. Ninyi mnaosoma mnapenda sana neno hilo. Mwenyeji ana mtazamo mzuri kwa sababu ana kibanda mlimani, babu yake jirani, na skii alizovalishwa akiwa na miaka miwili. Mpe hivyo vyote Mkikuyu uone mtazamo wake.

#32 Msomi wa Kona
Sikatai. Lakini Bi Shungi hana kibanda na yupo.

#33 Bi Shungi
Nani kakwambia sina 😄

Nina nusu ya kibanda, tulichanga na mfanyakazi mwenzangu Mfilipino. Choo nje. Mara ya kwanza nilikwenda nikalia. Sasa mume ndiye anayebembelezwa kurudi.

Ila Nyeri ana hoja. Mtazamo hauji peke yake, unakuja na mtu wa kukushika mkono. Mimi alinishika bibi mmoja wa kazini, Msami, wale wenyeji wa asili wa huku kaskazini, akanifunza kuvaa: sufu mwilini, sufu nyingine juu, koti la upepo mwisho. Pamba usiiguse ngozi, ikilowa jasho imekuua. Mnaovaa suruali ya jinsi na tracksuit juu mnateseka bure halafu mnasingizia nchi.

#34 Mama Wawili
Naomba kuuliza kama mama. Ni kweli chekechea wanalaza watoto nje?

#35 Kuku wa Toronto
Nasubiri jibu hili na mimi.

#36 Wa Uvira
Ni kweli. Ndani ya kigari, blanketi ya sufu, mfuko wa manyoya, uso peke yake nje. Mama mkwe aliona picha kule Bujumbura akapiga simu mara tisa. Anafikiri tunaadhibu mtoto. Mtoto mwenyewe akilazwa ndani halali tena.

#37 Mama Wawili
Mimi ningemlaza mkuu wa chekechea huko nje kwanza.

#38 Likoni Feri
Chakula je? Hakuna aliyegusa chakula, na wote mnajua watu wa pwani wanahama kwa ajili ya hilo.

#39 Bi Shungi
Samaki ukitaka wa kuogelea kwenye sufuria njoo. Januari mpaka Aprili chewa wanakuja kutaga, skrei wanamwita, nyama nyeupe inakatika vipande vipande. Nazi ya kopo, ndimu, pilipili mbuzi ya duka la Waasia, utasahau changu. Sukuma wiki ipo, wanaiita grønnkål. Unga wa sembe haupatikani kila wakati, ukikosa unasonga semulegryn, chenga za ngano.

#40 Dala la Ziwa
Semulegryn si ugali. Ni uji ulioamua kusimama.

#41 Mzee Kirungu
Hatimaye tumepata sababu halisi ya kurudi Oslo. Uzi ufungwe.

#42 Hesabu za Bibi
Usifungwe, kinyozi je? Kijana wangu anasoma huko, ananitumia picha kichwa kimekatwa na adui.

#43 Mpemba wa Barafu
Wako Waeritrea na Wasomali wanaokata vizuri, siyo wengi, weka miadi mapema kabla ya Idi. Kwa kina mama wa kusuka, mtu mmoja anasukia jikoni kwake na foleni yake inafika wiki. Mleta mada, mkeo kama anajua kusuka, hamtalala njaa.

#44 Mtoto wa Temeke
Mke wangu amesoma uzi wote. Amesema giza atanunua taa, ugali atabeba gunia, misiba ni ya Mungu, lakini kusuka anasuka na bei ataongeza. Mimi bado nusu nusu. La Tanga Raha limenikaa, mama yangu mkubwa yuko Oslo na umri umekwenda. Na la Dala la Ziwa kuhusu Jumapili pia.

Mwajiri anataka jibu Ijumaa. Swali la mwisho: nikienda na gari langu la Oslo, matairi ninayo ya baridi yasiyo na misumari. Yanatosha?

#45 Bi Shungi
Kisheria yanatosha. Kwa milima ya Tromsø na ile mvua juu ya barafu, mimi napanda misumari. Huku kaskazini inaruhusiwa kuanzia 16 Oktoba mpaka mwisho wa Aprili.

#46 Tanga Raha
Mimi ninayo ya misumari, seti nzima, hapa Oslo yamelala stoo tangu nirudi. Inchi 16. Elfu tatu krona na nakuletea.

#47 Mtoto wa Temeke
Mkuu, yametembea misimu mingapi? Elfu mbili.

#48 Tanga Raha
Elfu mbili na nusu, halafu na rimu zake unachukua.

#49 Mzee Kirungu
Piga picha ya karibu tuhesabu misumari humu humu. Watu wa Tanga nawajua.